UNAFUNGWA AU PEDI IMECHOKA? Siri ipo kwenye raba ndogo chini ya kitufe

DAKIKA ya 89, ubao unasoma 2-2. Kylian Mbappe wa Real Madrid kawatoka mabeki wawili wa Manchester City, kabaki yeye na kipa. Kijana aliyeshika pedi anabonyeza duara. Kimya. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu zote. Hakuna kitu.

Mbappe anaendelea kukimbia na mpira kama vile hajui goli liko wapi. Kipa anatoka, anaulalia. Mpira mrefu unapigwa mbele, Erling Haaland anamalizia upande wa pili. Inakuwa 3-2 na benchi la mbao linatikisika kwa kelele.

"Pedi mbovu hii!" analalamika aliyefungwa, lakini hakuna anayemsikiliza. Sheria ya banda ni moja tu, ukifungwa unapisha.

Stori ya namna hii iko kila mtaa wenye banda la gemu, iwe Mbagala, Manzese, Mwanza au Mbeya. Aliyefungwa ana kesi na pedi, kama vile kocha aliyefungwa alivyo na kesi na refa. Watu wameshazoea, wanacheka, wanaendelea na mechi inayofuata.

Tatizo ni kwamba kuna siku refa anakuwa amekosea kweli, na kuna siku pedi inakuwa imechoka kweli.

Kitufe kilichochoka kinabeba mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Kinaamua mechi ambayo mtu kaweka hela yake ya soda. Kinaleta ugomvi kati ya marafiki. Kwa mwenye banda ndiyo balaa zaidi, maana wateja wakishajua pedi za kwake ni mbovu, wanahamia banda la pili bila kuaga.

Kinachouma zaidi ni kwamba pedi nyingi zinazotupwa kabatini kwa sababu ya kitufe kimoja bado ni nzima. Ugonjwa wake upo kwenye kipande kidogo cha raba ambacho watu wengi hawajawahi hata kukiona.

PEDI NDIYO KIATU CHA MCHEZAJI

Kwa anayeona gemu ni mambo ya watoto, akumbuke kilichotokea Aprili 2020. Ligi Kuu England ilikuwa imesimama kwa sababu ya corona, viwanja vimefungwa, wachezaji wako majumbani. Ligi ikaandaa mashindano ya FIFA 20 na klabu zikawakilishwa.

Aliyebeba ubingwa alikuwa Diogo Jota, wakati huo akiichezea Wolves. Katika fainali alimfunga Trent Alexander-Arnold wa Liverpool. Miezi michache baadaye Jota naye akatua Liverpool.

Jota, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Hispania Julai 2025, aliipenda gemu hadi akaipeleka uwanjani. Moja ya staili zake za kushangilia bao ilikuwa ni kukaa chini kwenye nyasi na kujifanya ameshika pedi, vidole vinabonyeza. Mashabiki wa Liverpool wanaikumbuka hadi leo.

Kwa hiyo pedi imeshakuwa sehemu ya mpira. Na kama ilivyo kwa kiatu, mchezaji hawezi kuwa fundi akiwa amevaa kilichoachia soli. Ukimpa straika bora duniani kiatu kilichochanika, ataanza kuonekana wa kawaida. Mpe bingwa wa mtaa pedi ambayo duara haliitiki, atafungwa na mtoto wa darasa la tano.

KILA GEMU INA KITUFE INACHOKIUA

Alama za pembetatu, duara, eksi na mraba zilikuja na PlayStation ya kwanza, iliyoingia sokoni Japan Desemba 1994. Aliyezibuni, Teiyu Goto wa Sony, aliwahi kueleza kuwa pembetatu ilimaanisha upande mtu anaotazama, mraba ulikuwa karatasi, na duara na eksi zilikuwa ndiyo na hapana.

Mtaani maana zimebadilika. Kwa mpangilio wa kawaida wa FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, eksi ni pasi, duara ni shuti, mraba ni krosi na pembetatu ni pasi ya kupenyeza. Kukimbia ni R2.

Kwa waliokulia kwenye PES ya Konami, iliyobadilishwa jina kuwa eFootball mwaka 2021, mambo ni tofauti. Eksi na pembetatu kazi zao zinafanana na za FIFA, ila shuti ni mraba, krosi na pasi ndefu ni duara, na kukimbia ni R1.

Hapo ndipo fundi mzoefu anapoweza kubashiri pedi imetoka banda gani kabla hata ya kuuliza. Pedi ya wachezaji wa FIFA mara nyingi hulegea R2, kwa sababu mchezaji anaishikilia karibu dakika zote 90. Ya wachezaji wa PES huumia R1 na mraba.

Eksi inachoka kwenye gemu zote mbili. Pasi zinapigwa kwa eksi, na mtu akipoteza mpira, kidole kinarudi hapo hapo kukaba. Hakuna kitufe kinachofanya kazi kama hicho. Ni kama kiungo mkabaji, hasifiwi, lakini akiumia timu nzima inayumba.

NDANI YA PEDI KUNA NINI?

Watu wengi wanadhani ukibonyeza kitufe cha plastiki unagusa umeme moja kwa moja. Sivyo.

Chini ya kile kitufe kuna raba laini iliyotengenezwa kama kikombe kidogo kilichofunikwa. Ndani ya kikombe, juu kabisa, kuna kidonge cheusi cha kaboni. Chini yake kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye mistari inayopitisha umeme. Kwenye pedi za PlayStation, karatasi hiyo ndiyo inayopeleka taarifa kwenye bodi.

Ukibonyeza, kikombe kinabonyea, kidonge cheusi kinagusa mistari miwili ambayo haikuwa imeungana. Umeme unapita. Bodi inajua umebonyeza duara, inaituma taarifa kwenye mashine, na Mbappe anapiga shuti.

Ukiachia, raba inajirudisha yenyewe na kukisukuma kitufe juu. Ule mdundo unaousikia kwenye kidole ni raba inayobonyea na kurudi, hakuna springi pale. Springi zipo kwenye R2 na L2.

Kwa hiyo kitufe kimoja kina watu watatu wanaotegemeana. Plastiki ya juu, raba ya katikati na karatasi ya chini. Mmoja akigoma, shuti halitoki.

MAGONJWA NA DALILI ZAKE

Ugonjwa wa kwanza ni uchafu. Jasho la mikono, vumbi, mafuta ya chipsi na soda iliyomwagika vinaingia pembeni ya kitufe na kuganda. Dalili yake ni kitufe kinachonata. Unabonyeza kinashuka, lakini kinachelewa kurudi. Kwenye mechi utaona mchezaji anapiga pasi moja wakati wewe ulitaka mbili za haraka.

Wa pili ni raba kuchoka au kuchanika. Kitufe kinakuwa laini kama kimekufa, hakina ule mdundo. Wakati mwingine kinakaa chini kuliko wenzake. Ukiona hivyo usisumbuke kusafisha, raba inatakiwa kubadilishwa.

Wa tatu ni kidonge cheusi kuisha. Kitufe kinapanda na kushuka vizuri, mdundo upo, ila lazima ubonyeze kwa nguvu ndiyo kiitike. Huyu ndiye mchawi wa mabanda, kwa sababu ukimwangalia kwa macho hana kosa. Mwenye banda anabonyeza mara moja kwa nguvu, anasema "mbona inafanya kazi?" Aliyefungwa anaonekana mwongo.

Wa nne uko kwenye karatasi ya chini. Mistari yake ikilika, ikipata unyevu au isipoungana vizuri na bodi, vitufe kadhaa vinagoma kwa pamoja. Au vinajibonyeza vyenyewe. Unakuta kipa anatoka golini bila kuitwa.

Kwenye pedi za PS3 ugonjwa huu wa kujibonyeza unajulikana sana. Ndani kuna kipande cha sponji kinachoibana karatasi kwenye bodi. Miaka ikipita sponji inasinyaa, karatasi inaachia, na pedi inaanza kucheza peke yake. Dawa ya mafundi wengi ni kuweka sponji mpya au kuongezea kipande chembamba juu ya ile ya zamani.

Wa tano ni plastiki yenyewe. Pedi ikirushwa ukutani baada ya kufungwa dakika za majeruhi, kitufe kinaweza kuvunjika miguu au R1 ikapasuka. Hapa hakuna mjadala, inatafutwa nyingine.

PIMA KABLA HUJAFUNGUA

Daktari hampasui mgonjwa kabla ya vipimo. Na pedi ni hivyo hivyo.

Kipimo cha kwanza ni kubadilishana. Chukua pedi inayolalamikiwa, mpe mchezaji wa upande wa pili, wewe chukua yake. Kama tatizo linahama na pedi, basi pedi ndiyo yenye kosa. Kama tatizo linabaki kwako, pole, mpinzani amekuzidi.

Kipimo cha pili ni kuangalia mpangilio wa vitufe ndani ya gemu. Kuna watu wanabadilisha shuti kutoka duara kwenda mraba ili wacheze FIFA kama PES, halafu wanaondoka bila kurudisha. Anayekuja baada yao anabonyeza duara, straika anapiga krosi. Pedi nyingi zimetukanwa bure kwa sababu hiyo.

Kipimo cha tatu ni uwanja wa mazoezi. Ingia peke yako bila presha, bonyeza kila kitufe mara 20, kwa wepesi, kama unavyobonyeza kwenye mechi. Hesabu mara ngapi kimeitika. Kitufe kizima hakikosi hata mara moja.

Kama pedi nzima imeganda au haishiki mawasiliano na mashine, nyuma yake kuna kitundu kidogo. Kwenye pedi ya PS4 kiko karibu na L2, kwenye ya PS5 kiko karibu na nembo ya Sony. Zima mashine, ingiza ncha ya pini nyembamba, bonyeza kwa sekunde chache, kisha iunganishe pedi upya kwa waya. Hiyo haitibu raba iliyochoka, lakini inaondoa wasiwasi kwamba tatizo ni mawasiliano.

OPERESHENI YENYEWE

Tuchukue pedi ya PS4, DualShock 4, iliyokuja na mashine hiyo mwaka 2013 na ambayo bado inafanya kazi kwenye mabanda mengi.

Vifaa si vya kutisha. Inatakiwa bisibisi ndogo ya nyota, kitu chembamba cha plastiki cha kutenganishia kava, kibano kidogo, pamba za masikio, spiriti na raba mpya. Kipande cha kadi ya simu iliyoisha kinatosha kutenganishia kava. Kisu kitaacha makovu.

Zima pedi kwanza. Igeuze, fungua skrubu nne za nyuma na uziweke kwenye kifuniko cha chupa zisipotee.

Sehemu inayofuata ndiyo inayowaponza wengi. Kava la nyuma haling'oki moja kwa moja, kwa sababu limeunganishwa na bodi kwa utepe mwembamba wa sehemu ya kuchajia. Ukivuta kwa papara unaukata, na sasa una magonjwa mawili. Tenganisha taratibu kuanzia kwenye mikono ya pedi, panua kava, kisha chomoa utepe ukiwa unauona.

Wakati huo huo angalia springi za R2 na L2. Zina tabia ya kuruka, na zikishaanguka kwenye zulia la banda ni kazi kuzipata. Fanyia kazi hii juu ya meza yenye kitambaa cheupe.

Chomoa soketi ya betri. Hii ni betri ya lithiamu, usiichome na bisibisi, usiikunje. Toa kishikilio chake, chomoa utepe wa ile sehemu ya kugusa ya mbele, fungua skrubu moja inayoshika bodi, kisha inua bodi pamoja na fremu yake.

Hapo ndipo utakapoziona raba. Ya vitufe vinne vya kulia iko peke yake, ya mishale ya kushoto iko peke yake. Zitoe na uziangalie kwenye mwanga. Kikombe kilichochanika utakiona kwa macho. Kidonge kilichoisha kinang'aa au kimepauka kuliko wenzake.

Kama raba ni nzima na ni chafu tu, chovya pamba kwenye spiriti kidogo, futa kidonge na futa karatasi ya chini kwa wepesi. Acha vikauke kabisa. Usitumie petroli, usitumie maji ya sabuni kwenye bodi, na usisugue kidonge kwa msasa. Kaboni yenyewe ni tabaka jembamba, ukisugua unamalizia kazi ya uharibifu.

Vitufe vya plastiki ndivyo vinavyoruhusiwa kuoga. Vioshe kwa maji na sabuni, vikaushe, rudisha. Usihofu kuchanganya duara na mraba, kwa sababu kila kimoja kina meno yake pembeni na hakikubali kuingia kwenye tundu la mwenzake.

Weka raba mpya, hakikisha vidonge vinatazama karatasi na kila kikombe kimekaa sawa mahali pake. Kikombe kilichokaa upande ndicho kinacholeta kitufe kigumu baada ya matengenezo, na hapo ndipo mteja anaporudi na kelele.

Rudisha bodi, skrubu yake, tepe, kishikilio na betri. Kabla ya kufunga kava la nyuma hakikisha springi za R2 na L2 zimekaa. Funga, bonyeza vitufe vyote, sikiliza mdundo. Rudi uwanja wa mazoezi, bonyeza mara 20 tena.

Kwa mtu aliyezoea ni kazi fupi. Kwa anayeanza ichukue kwa utulivu, na apige picha kwa simu kila hatua ili akirudisha asijikute ana skrubu imebaki mkononi.

Pedi ya PS5, DualSense ya mwaka 2020, nayo inafungwa na skrubu nne, ila zimefichwa. Lazima uvue ule ukanda mweusi wa mbele ndiyo uone mbili, na uchomoe R1 na L1 ndiyo uone mbili nyingine. R2 na L2 zake zina mota ndogo ndani zinazokaza kidole wakati wa mchezo, kwa hiyo asiyezoea aanzie na pedi ya PS4.

ANALOGI NI KESI NYINGINE

Kuna kitu kimoja ambacho raba mpya haitakitibu. Ni ile hali ya mchezaji kutembea mwenyewe bila kuguswa, beki anasogea kushoto taratibu hadi anaacha njia.

Hiyo ni analogi, kile kijiti cha kuongozea mchezaji. Chini yake kuna sensa mbili zinazosoma kijiti kimeelekea wapi, na sensa hizo zinafanya kazi kwa kusuguana. Kinachosuguana kinaisha. Mwaka 2021 mafundi wa iFixit wa Marekani waliifungua DualSense na kuonyesha kuwa aina ya analogi iliyomo ndani imepangiwa maisha ya mizunguko 2,000,000. Inaonekana nyingi, lakini mtu anayepiga chenga za Vinicius siku nzima anazifikia.

Kubadilisha analogi kunahitaji kuchomelea. Ina miguu 14 iliyoshikwa na risasi kwenye bodi, na yote lazima iachie kwa wakati mmoja bila kuunguza njia za umeme. Hii si kazi ya kujifunzia kwenye pedi ya mwenzako, mpelekee fundi.

Siku hizi kuna analogi zinazotumia sumaku badala ya kusuguana, na hizo hazina tatizo hilo la kulika. Fundi anayezifunga lazima ajue pia kuziweka sawa, vinginevyo mchezaji ataendelea kutembea mwenyewe hata na analogi mpya.

SPEA IPI, NA KWA BEI IPI?

Hesabu ndiyo inayoonyesha kwa nini jambo hili si dogo. DualShock 4 ilipotoka mwaka 2013 iliuzwa Dola 59.99 Marekani. DualSense ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa Dola 69.99. Hapo bado usafiri, ushuru na faida ya muuza duka wa Kariakoo.

Raba ni kipande kidogo kinachouzwa kwa seti. Hata ukijumlisha hela ya fundi, hakisogelei bei ya pedi mpya orijino. Mwenye banda mwenye mashine nne ana pedi nane, na akitupa kila pedi kwa sababu ya kitufe kimoja, mapato ya wiki nzima yanaishia dukani.

Wengi wanakimbilia pedi za kopi kwa sababu ni rahisi. Zipo zinazodumu, lakini nyingi vitufe vyake vinaanza kugoma mapema na ndani unakuta bodi tofauti kabisa ambayo raba za orijino hazikai.

Njia inayowasaidia mafundi wengi ni kutunza maiti. Pedi iliyokufa bodi au betri bado ina raba, vitufe, springi na kava. Pedi tatu mbovu zinaweza kuzaa moja nzima. Muhimu ni kuangalia toleo la bodi, maana DualShock 4 zilitoka kwa matoleo tofauti na karatasi na tepe za toleo moja si lazima zikae kwenye jingine. Namba ya toleo inaanza na herufi JDM na imeandikwa kwenye bodi. Ukienda kununua spea, nenda na namba hiyo au nenda na pedi yenyewe.

Kwa kijana asiye na kazi hii ni njia pia. Haihitaji ofisi, inahitaji meza, mwanga na mikono iliyotulia. Mwenye banda hapendi kupeleka pedi mbali na kusubiri siku tatu wakati Jumamosi inakaribia, anataka fundi wa mtaani ambaye jioni pedi imerudi.

SHERIA ZA KUZUIA UGOMVI

Mabanda yanayojiheshimu yana utaratibu wake. Kabla ya mechi kila mchezaji anapewa dakika moja ya kujaribu vitufe. Ukikubali pedi na mpira ukaanza, hakuna kulalamika. Mechi ikiwa na uzito, wanabadilishana pedi wakati wa mapumziko, kama timu zinavyobadilishana magoli.

Kuna wanaoweka kitambaa na ndoo ya maji mlangoni. Ukitoka kula chipsi mayai unanawa kwanza. Inaonekana ni mbwembwe, lakini mafuta yale ndiyo yanayoingia pembeni ya eksi na kuifanya inate baada ya mwezi.

Pedi zizungushwe. Usiiache moja ifanye kazi asubuhi hadi usiku kila siku huku nyingine imelala kwenye droo. Na anayerusha pedi akifungwa alipe, bila kujali ni rafiki wa nani.

Kubwa kuliko yote, mwenye banda amsikilize aliyefungwa. Si lazima mechi irudiwe, lakini pedi inayolalamikiwa na watu watatu siku moja haisingiziwi. Iondoe mezani, ipime, ifungue.

Turudi kwenye ile dakika ya 89. Mbappe kabaki yeye na kipa, kidole kiko kwenye duara. Chini ya duara kuna kidonge cheusi kisichozidi punje ya dengu, na kidonge hicho ndicho kinachoamua kama shuti litatoka.

Kikiwa kizima na bado ukapiga nje, hapo tafuta sababu nyingine. Pedi haina kosa.